Redio Ndogo ya Kadi: Itazame Kwanza, Ndipo Ufungue Kibindo



Juma lililopita mama mmoja alinisimamisha njiani tulipokuwa tukitoka gulioni. Akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Nimeuza karanga zangu, na fedha kidogo imebaki. Mtoto wangu wa kiume anataka ile redio ndogo ya memori kadi. Baba yake asema ni upuuzi. Nawe wasemaje?" Nikamjibu kwamba jibu langu ni refu kuliko njia iliyobaki, na kwamba ningeliandika gazetini ili wengine nao wapate kulisoma. Leo natimiza ahadi yangu.

Kwanza nataka kumtetea huyo kijana kidogo. Redio ya kadi si upuuzi. Ni kitu kinachoenea kiganjani, chenye spika yake, tundu la kadi, pengine na tundu la flashi, na redio ya FM ndani yake. Mwenye shamba huitundika kwenye mti akipalilia. Wanakwaya hujifunzia nyimbo kabla ya sikukuu. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani hupata mwenzi wa kuzungumza naye mchana kutwa. Hayo si mambo madogo.

Tena tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1949 huko Lusaka, katika nchi inayoitwa Zambia leo, Bwana Harry Franklin wa idara ya habari alifanikiwa kupata redio iliyotengenezwa kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Mwili wake ulikuwa wa alumini, wa mviringo kama sufuria, hata watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri ililipiwa mbali. Ndiyo iliyohesabiwa kuwa redio ya bei nafuu siku zile! Baadaye, mwaka 1954, Wamarekani walianza kuuza redio ndogo ya transista iliyoweza kutiwa mfukoni, nayo iliuzwa karibu dola 50. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kaseti, na mwaka 1979 Wajapani wa Sony wakatoa Walkman, mashine ya kusikilizia kaseti huku unatembea. Kisha wataalamu wa Ujerumani walipata njia ya kupunguza ukubwa wa sauti iliyohifadhiwa, na mwaka 1995 wakaipa jina la MP3. Kwa njia hiyo nyimbo zilizokuwa zikijaza sanduku la kaseti zinakaa leo katika kijikadi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Basi mtoto wa mkulima anashika mkononi kitu ambacho matajiri wa zamani hawakuwa nacho.

Lakini, ndugu msomaji, rahisi mara nyingi huwa ghali. Redio hizi ni za bei ndogo, kwa hiyo zimetengenezwa kwa gharama ndogo. Njema zipo na mbovu zipo, na kwa nje zafanana kama mayai. Asiyejua kuchagua atanunua tatu kwa mwaka mmoja, na akijumlisha fedha yake ataona angeweza kununua mbuzi.

Haya ndiyo mashauri yangu unapokwenda kununua.

Usinunue iliyofungwa ndani ya boksi. Mwambie mwenye duka aifungue, aiwashe, nawe uijaribu mwenyewe. Njoo na kadi yako au flashi yako yenye wimbo unaoujua vema. Cheza wimbo huo kwa sauti ya chini, halafu ya kati, halafu ya juu kabisa. Ikikwaruza au kutetemeka kama debe lenye kokoto, iache. Bonyeza kila kitufe. Chomeka waya wa chaji, kisha uutikise polepole. Taa ya chaji ikizimika na kuwaka, jua tundu limelegea, na hapo ndipo redio nyingi huanzia kufa.

Pili, fungua mfuniko wa betri. Hili ni jambo kubwa. Redio nyingine zimefungiwa betri ndani, na betri ikichoka redio nzima imekwisha. Nyingine hutumia betri ile ile ya simu ndogo za Nokia za zamani, iliyoandikwa BL-5C. Hiyo hupatikana hata katika maduka madogo, na waweza kuibadilisha wewe mwenyewe bila fundi. Kati ya redio mbili zenye bei sawa, chukua ile yenye betri ya kutoka.

Tatu, jaribu redio yenyewe. Wengi hushangaa wakifika nyumbani na kukuta kimya. Sababu ni kwamba redio nyingi za bei ndogo hupokea FM tu, na mawimbi ya FM hayapendi kupanda na kushuka milima. Huenda moja kwa moja kama mwanga wa taa. Mwenye kukaa nyuma ya mlima atapata kelele tupu, hata kama mjini redio ile ile iliimba vizuri. Kama kijiji chako kiko bondeni, muulize jirani anapata stesheni gani kwa redio ya namna hiyo. Na kama nia yako ni kusikia stesheni za mbali, tafuta redio yenye mawimbi ya kati na mafupi pia, ijapokuwa utaongeza fedha kidogo.

Nne, omba risiti, au angalau jina la duka na tarehe katika karatasi, na mpatane ni siku ngapi waweza kuirudisha. Mwuzaji anayekataa kuandika cho chote amekwisha kukujibu.

Sasa nije kwenye kadi, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana funzo hili nililipata kwa uchungu.

Kadi hupimwa kwa GB. Kwa wimbo wa MP3 wa kawaida, dakika moja huchukua karibu MB 1, na MB 1,000 hufanya GB 1. Basi kadi ya GB 8 huchukua zaidi ya saa 130 za nyimbo. Ukisikiliza saa sita kila siku, zitakutosha majuma matatu bila kurudia wimbo hata mmoja. Kwa nini basi ununue kadi ya GB 64? Tena redio nyingi za namna hii haziwezi kusoma kadi inayozidi GB 32. Ya GB 8 au 16 yatosha nyumba nzima. Na ukiitia kadi ya GB 8 katika kompyuta ukaona imeandikwa 7 na pointi, usigombane na mwuzaji. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.

Lakini kuna kadi za uongo. Mwenye kuidanganya huchukua kadi ndogo, akaifundisha kujitangaza kuwa ni kubwa. Nje imeandikwa 64, na ukiitia katika simu nayo husema 64. Unatia nyimbo, inapokea. Unatia nyingine, inapokea. Nafasi ya kweli ikiisha haisemi "nimejaa," bali huendelea kupokea majina ya nyimbo, na nyimbo zenyewe hazikai po pote. Ni kama ghala lenye kitabu cha hesabu kizuri na sakafu iliyotoboka. Kitabu chasema magunia mia, lakini ukifungua mlango wakuta kumi.

Mimi niliinunua kadi ya namna hiyo gulioni, kwa bei iliyonifanya nijione mwerevu. Nikaijaza nyimbo za kila aina. Wakati ule mama yangu mzazi alikuwa bado hai, mzee sana, macho yamefifia lakini kumbukumbu kama ya kijana. Jioni tatu mfululizo nilikaa naye jikoni. Mpwa wangu akashika simu, na mama akasimulia: jinsi walivyohama kutoka kijiji cha zamani, majina ya ndugu waliobaki njiani, na zile nyimbo za kutwangia nafaka ambazo hakuna ye yote nyumbani kwetu azijuaye leo. Simu ya mpwa wangu ilipojaa, tukazihamishia sauti zile katika kadi yangu. Nikaona majina matatu yameandikwa: Mama 1, Mama 2, Mama 3. Nikamwambia kijana, "Futa za kwenye simu, hizi zimekwisha kukaa." Sikuzisikiliza kwanza. Nikaiweka kadi ndani ya redio nikaendelea na kazi zangu.

Mama alifariki baada ya mvua za masika. Siku ya kuondoa matanga ndugu wote walikuwapo, hata wale wa mbali. Nikasema, "Ngojeni, leo mtamsikia mwenyewe." Watu wakanyamaza. Nikabonyeza Mama 1. Redio ikatulia kidogo, kisha ikaruka, ikaanza kupiga wimbo wa dansi. Nikarudia. Mama 2, vile vile. Mama 3, vile vile. Dada yangu akanyosha mkono, akaizima.

Fundi wa mjini aliitazama kadi ile akaniambia kuwa ukubwa wake wa kweli haukufika hata robo ya ule ulioandikwa. Nyimbo za dansi nilizotia kwanza zilikuwa salama zote. Sauti ya mama yangu, niliyoitia mwisho, haikukaa hata dakika moja.

Simlaumu mwuzaji peke yake. Mimi nilipenda bei, nikaharakisha, na nikafuta kabla ya kuhakikisha. Basi shika mambo matatu haya kama unavyoshika ufunguo wa nyumba. La kwanza: kadi mpya ijaze mpaka mwisho siku ile ile au kesho yake, kisha ucheze wimbo wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Ikishindwa, irudishe dukani mara moja. La pili: usifute cho chote katika simu kabla hujakisikiliza katika kadi toka mwanzo hadi mwisho. La tatu: sauti ya mtu unayempenda isikae mahali pamoja. Iweke katika kadi mbili, na ya pili mpe ndugu anayekaa nyumba nyingine. Na kama mzee wako yu hai leo, usingoje mvua ziishe.

Tuendelee na chaji, kwa sababu vijijini ndiyo taabu yetu ya kila siku. Redio hizi huchajiwa kwa umeme mdogo wa volti 5, sawa na simu. Sola ndogo yenye tundu la kuchajia simu yafaa sana. Lakini angalia! Usiiunganishe redio moja kwa moja kwa nyaya na betri ya pikipiki au ya gari. Hiyo ni ya volti 12, nayo itaiunguza. Tumia kifaa cha kupunguzia umeme. Tena sola ndiyo inayokaa juani, si redio. Nimeona watu wakiweka vyote viwili juu ya bati saa sita mchana, kisha wakashangaa kuona betri imekufa upesi. Joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi. Vuta waya, redio ikae kivulini.

Ukiona betri imevimba, hata mfuniko haufungi, usiibonyeze, usiitoboe, wala usiitupe motoni. Yaweza kulipuka na kuwaka. Itoe, iweke mbali na watoto, ununue nyingine. Na ukitaka chaji idumu, zima zile taa za rangi zinazometameta, kama redio yako ina kitufe cha kuzizima. Taa hizo hupendeza macho lakini hula umeme wa muziki. Kadi nayo usiichomoe redio ikiwa inaimba. Zima kwanza.

Sasa masikio. Mungu alitupa mawili, na hakuna duka lenye spea yake. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba sauti ya desibeli 80 mtu aweza kuisikiliza saa 40 kwa juma bila hatari kubwa, lakini ikifika 90 ni saa 4 tu kwa juma. Vijana hawana kipimo cha desibeli, basi nawapa kipimo cha nyumbani. Ukivaa visikilizio vya masikioni, sauti isipite sehemu sita katika kumi za uwezo wa redio. Mtu aliye karibu nawe akisema kwa sauti ya kawaida nawe humsikii, umepita kiasi. Na kama ukivitoa unasikia mlio kama wa nyenje kichwani, masikio yako yamekwisha kulalamika. Yapumzishe.

Tena, usivae vitu hivyo ukiendesha baiskeli, wala ukitembea kandokando ya barabara kuu. Lori halipigi hodi.

Je, nyimbo utazipata wapi? Wengi hupeleka kadi kibandani, wakalipa fedha kidogo, kijana wa kibanda akajaza lo lote alilo nalo. Ukifika nyumbani unakuta nyimbo mia tatu, na miongoni mwake matusi ambayo mtoto wa miaka saba atayaimba mbele ya bibi yake kabla ya wewe kujua. Mzazi, usitume kadi tupu kibandani. Andika katika karatasi nyimbo unazotaka, kisha zisikilize kabla hujawapa watoto. Hungemruhusu mtu usiyemjua aingie chumbani mwa watoto akazungumza nao usiku kucha, na kadi usiyoisikiliza hufanya hivyo hivyo.

Tena wimbo ni jasho la mtu. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na kunakili na kuuza kazi ya mtungaji pasipo ruhusa yake ni kosa. Kwaya zetu hutumia fedha nyingi kurekodi: nauli, chakula, studio, mpiga kinanda. Halafu sisi wenyewe tunaosema "kwaya yetu imeimba vizuri" twanakili kazi yao bure kibandani. Ukiupenda wimbo wao, wanunulie wenyewe, au waulize wauzapo. Hakuna asiyejua jina la kuchukua cha mtu bila kumlipa.

Mwisho nisemalo ni juu ya amani ya nyumba, na hapa namrudia yule mama wa karanga.

Mama, kabla ya kununua, kaeni wote watatu, wewe na baba na mtoto, mkaulizane: redio hii ni ya nani? Swali laonekana dogo, lakini nimeona nyumba nyingi zilizogombana kwa kutoliuliza. Redio iliyonunuliwa kwa karanga za mama, jioni iko kilabuni pamoja na baba. Au kijana huilaza chini ya mto, na dada zake hawaigusi. Au huimba usiku kucha mpaka jirani mwenye mtoto mchanga achoke na ujirani. Basi patana mapema. Mchana iende shambani na mwenye kazi. Jioni irudi mezani, watu wote wasikie taarifa ya habari pamoja, kisha nyimbo mbili tatu. Wakati wa kusoma masomo ya shule, kimya. Wakati wa sala, kimya. Saa tatu usiku ilale nayo, kama sisi tunavyolala.

Na baba naye nina neno naye. Ndugu yangu, ulisema ni upuuzi, na pengine ulikuwa ukiona mbali, maana ada ya shule na mbolea havingoji. Kama fedha ya karanga ndiyo ya mbegu, redio ingoje mavuno mengine. Haitaoza dukani. Lakini kama ni akiba iliyobaki kweli baada ya mahitaji, usimnyime mwanao kwa sababu wewe ulikulia bila redio. Nenda naye gulioni. Mfundishe kufungua mfuniko wa betri, kujaribu spika, kudai risiti. Mtoto aliyejifunza kununua redio kwa akili kesho atanunua shamba kwa akili.

Na mkisha kuinunua, wimbo wa kwanza usiwe wa kibandani. Bibi yake yungali hai, nami namfahamu. Mketisheni jikoni, mmwombe asimulie. Kisha msikilize mliyorekodi mpaka mwisho, ndipo mkalale.

Hadi juma lijalo, wasomaji wapenzi. Kaeni salama.